Dada, mkono wa pili walipima?

Weee dada subiri kwanza! Yaani umepimwa ugumu wa neva, mshipa wa fahamu, kwa altrasaundi, mkono uliovimba tu, ukapewa namba moja, basi leo unavua soksi ya kubana, ile ya mkononi ya kuzuia uvimbe? Usivue!

Mimi nilitolewa titi na tezi za kwapani kwa saratani, mkono ukavimba kwa maji ya limfu, vidole vikawa vinakufa ganzi usiku. Yule mpimaji akaninyoosha kiwiko, kiganja akakilaza nyuma, kifaa akakigandamiza mpaka naumia, halafu huyo: neva imekaza, soksi ndo inaibana, ivue. Sasa neva ya mkono ukiivuta hivyo inakaza hata kwa mtu asiyeumwa kitu, na ukigandamiza namba inapanda tena! Ile mashine inapima kasi ya wimbi linalopita kwenye nyama, penye ugumu linakimbia zaidi, basi, sababu ya ugumu haiijui, anatakiwa kuijua anayepima.

Nikavua. Mkono ukajaa, ngozi ikawa ngumu, ikaja selulaitisi, maambukizi ya ngozi, homa na kutetemeka, nikalazwa natundikiwa dripu za antibayotiki, na mkono mpaka leo haujarudi ulivyokuwa. Nina hasira naye bado, maana mkono wangu mzima ulikuwa palepale kitandani, kuupima na wenyewe kungemgharimu nini??

Baadaye nikapata mpimaji makini. Mikono yote miwili, viwiko vimekunjwa kidogo na vinafanana, viganja vimetulia, jeli nyingi, kifaa kinagusa tu, anarudia kabla ya kuandika, na unene wa neva pale kwenye kifundo cha mkono akaupima pia. Kulia na kushoto karibu sawa! Ganzi ilikuwa ya kemo, dawa ya saratani inaitwa paclitaxel, hiyo inajulikana kuumiza neva za vidole, na miguuni nilikuwa nayo siku zote ila hakuna aliyeniuliza.

Sikatai, uvimbe unaweza kubana neva kweli. Na ukiona mkono unaishiwa nguvu au maumivu yanashuka toka begani wahi kwa daktari, mionzi ya kutibu saratani nayo inaweza kuumiza neva za kwapani na saratani inaweza kurudi palepale. Soksi yenyewe ikikubadilisha vidole rangi au ganzi ikizidi ukiivaa, hapo vua, ukapimwe saizi nyingine. Ila kwa namba ya mkono mmoja hapana dada. Rudi uwaambie wapime mikono yote kwa mkao mmoja, namba zote mbili ziandikwe kwenye ripoti, umpelekee anayekutibu uvimbe ndo aamue.