Nilivyoangushwa na kiwanja cha ubalozi

Juzi msomaji mmoja kanitumia ujumbe: "Dada shikamoo, nimeitwa usaili Dodoma, Afisa Mambo ya Nje, naomba notsi." Marahaba. Notsi ninazo, mdogo wangu, ila mimi mwenyewe zilinitosa.

Mwaka juzi nilitoka Nkuhungu kwa bajaji alfajiri, suti ya kuazima, vumbi la mwezi wa nane limeshanipaka viatu rangi kabla sijafika. Kichwani nina kurasa arobaini, nimezikariri hadi nukta. Jopo lilikuwa la watu watano. Mama mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Jengo la ubalozi wa nchi ya kigeni pale Dar es Salaam limesimama kwenye ardhi ya nani?"

Nikajibu bila kupepesa macho: ya nchi hiyo ya kigeni.

"Sawa. Mfagizi wa pale, Mtanzania, akiibiwa simu humo ndani na Mtanzania mwenzake, kesi inaamuliwa kwa sheria ya nani?"

Nikakodoa. Mzee wa pembeni akacheka, si kwa sauti kubwa, kicheko cha puani tu. Nakisikia mpaka leo nikiwa naosha vyombo.

Ardhi ni ya Tanzania, na sheria ni ya Tanzania. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Vienna wa 1961, ule wa uhusiano wa kidiplomasia, inachosema ni kwamba maofisa wetu hawaingii pale bila idhini ya mkuu wa ubalozi. Mlango umefungwa, kiwanja hakijahama. Nilikuwa nimeikariri ibara hiyo neno kwa neno, ila sikuwahi kujiuliza mlangoni anasimama nani.

Basi nikarudi nyumbani, nikalia siku mbili, nikaanza upya. Miezi iliyofuata haina hadithi. Kila istilahi nikawa naiuliza: nani anafanya, nani anazuiwa?

Chukua kinga ya kidiplomasia, ile inayozuia balozi asikamatwe wala kushtakiwa hapa. Wengi mnadhani ni mali ya balozi, kama koti lake. Ni ya nchi iliyomtuma, na nchi hiyo ndiyo inayoweza kuiondoa, yeye mwenyewe hawezi. Sisi wenyeji tukimchoka tunamtangaza kuwa mtu asiyetakiwa, ibara ya 9 ya mkataba uleule, wala hatudaiwi sababu.

Au kusaini na kuridhia. Hapa watu wa Dodoma hamna kisingizio, Bunge liko mlangoni kwenu! Mkataba wa eneo huru la biashara Afrika ulifunguliwa kwa saini Kigali, Machi 2018. Bunge letu limeuridhia Septemba 2021. Miaka mitatu na ushei. Katiba, ibara ya 63, ndiyo inayolikabidhi Bunge kazi hiyo ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Waziri anaweza kusaini na kurudi na picha nzuri za kushikana mikono, na bado nchi haijafungwa na mkataba huo mpaka uridhiwe.

Vijana mnapenda kukariri, nisameheni nikisema. Mnabeba tafsiri kama mzigo wa kuni, mkiulizwa kuni zinawaka vipi mnaangalia dari. Uliza nani anafanya. Nimeshasema, narudia: nani anafanya.

Mwaka huu nimeitwa tena, taasisi nyingine, na safari hii nimepita. Nimeulizwa kwa nini Kenya ina kamishna mkuu hapa na si balozi. Nikasema ni kawaida ya nchi za Jumuiya ya Madola zikitumiana wawakilishi. Cheo ni kilekile, na kwa Kiswahili chetu wote tunawaita mabalozi. Msaili akatikisa kichwa kukubali, nikajua nimemaliza.

Mama yangu Kibaigwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe anafanya kazi na mabalozi. Jumapili balozi wa shina kanipigia simu, anataka nimsaidie kupata mhuri mpya.