Nitumieje akili mnemba kuwaandikia wateja wa duka langu la gofu?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nina duka la vifaa vya michezo hapa Dodoma, Area D. Nilianza na jezi na viatu vya mpira, lakini tangu Serikali ihamie huku nimepata wateja wa gofu: watumishi, wafanyabiashara, na wabunge wakati wa vikao. Wengi wanakwenda kucheza Morogoro au Dar es Salaam mwisho wa wiki. Nauza mipira, glavu, kofia, viatu na fimbo chache. Mdogo wangu aliyeko Marekani ananiambia maduka ya kwenye viwanja vya gofu huko yanatumia akili mnemba kuwaandikia wateja meseji na mauzo yanapanda. Nikajaribu. Programu iliniandikia tangazo, nikalituma kwa watu 200 kwa WhatsApp. Waliojibu ni wanne, na wawili kati yao wamesema nisiwatumie tena. Nimekosea wapi? Na je, nikiiacha programu iwajibu wateja yenyewe usiku nimelala, ni salama? Tangazo lenyewe nimekuambatishia.

JIBU: Salama dada, na pole kwa hao wawili. Tangazo nimelisoma. Linaanza hivi: "Mpendwa mteja wetu wa thamani, usikose fursa hii ya kipekee! Klabu mpya za gofu zimewasili." Tuanzie kwenye hiyo klabu. Kwa mchezaji wa hapa kwetu klabu ni mahali penye wanachama, kama Morogoro Gymkhana au Lugalo. Anachopigia mpira ni fimbo. Programu imefikiri kwa Kiingereza, ambako fimbo huitwa "club", ikakuandikia Kiswahili juu yake. Nimewahi kuona rasimu nyingine, ya duka jingine, iliyosema "dereva mpya amefika dukani", ikikusudia ile fimbo ndefu ya kuanzia ambayo wachezaji wote wanaiita draiva. Mtu wa gofu akisoma hivyo anajua papo hapo kwamba hukuandika wewe, na kwamba hata kulisoma kabla ya kutuma hukulisoma.

Hilo tutalirekebisha kwa dakika kumi, nitakuonyesha chini. Lililokugharimu zaidi ni kutuma tangazo moja kwa watu 200.

Mdogo wako amekwambia kweli, ila kuna kitu hakukiona kwa sababu kiko nyuma ya kaunta. Duka la kwenye kiwanja cha gofu linakaa jirani na orodha ya nafasi za kucheza. Mchezaji anaweka nafasi yake mapema, kwa jina na kwa saa. Kwa hiyo Alhamisi jioni duka linajua fulani anaanza Jumamosi asubuhi, mwezi huu amecheza mara ngapi, na safari ya mwisho alinunua nini. Akili mnemba inapewa hayo yote, ndipo inaandika. Pale kinachouza ni ile orodha, na programu ni mwandishi wake. Wewe umemwajiri mwandishi bila kumpa cha kuandika, akabuni maneno matamu.

Kwa hiyo anza na daftari. Likiwa jedwali kwenye simu ni vizuri zaidi, lakini hata la karatasi litatosha mwezi wa kwanza. Kwa kila mteja wa gofu andika: anapenda kuitwaje, anacheza wapi na mara ngapi kwa mwezi, kiatu saizi gani, mpira wa aina gani, glavu ya mkono upi na saizi gani, na mkobani ana fimbo ngapi. Hili la mwisho wauzaji wengi hawaliulizi. Kanuni za gofu zinaruhusu fimbo 14 tu kwa raundi, na anayezidisha anaongezewa mapigo ya adhabu. Mteja mwenye 14 tayari ukimwandikia "ongeza fimbo mpya", umemwonyesha kwamba mchezo huujui. Mwenye 11 ni mtu wa kuzungumza naye.

Halafu glavu. Hapa ningekuomba utulie, kwa sababu ndipo penye fedha yako ya kila mwezi. Anayecheza kwa mkono wa kulia kwa kawaida huvaa glavu moja tu, ya kushoto, na ni kitu kinachokwisha. Anatoka jasho nayo Morogoro siku nzima, anaitupa kwenye dashibodi, Jumatatu gari linashinda juani Mtumba, kwenye ofisi za Serikali. Baada ya wiki kadhaa za jua letu hili kavu ngozi imekakamaa kama ya ngoma. Siku mteja akija nayo, iombe uishike. Itazame kiganjani, upande wa kidole cha mwisho: ngozi imekuwa nyembamba na inang'aa. Kisha itazame kwenye gumba, pale mshono unapoanza kuachia. Ukishaona glavu kumi za namna hiyo, na tarehe walizonunua ziko kwenye risiti zako za EFD, utakuwa unajua mteja anayecheza kila wiki glavu yake inadumu muda gani hapa Dodoma. Programu yoyote haiwezi kukwambia hilo. Wewe ndiye utakayeiambia.

Sasa linganisha tangazo lako na meseji hii, iandikwe Alhamisi jioni kwa mtu mmoja:

"Shikamoo mzee. Ile glavu uliyochukua kwetu mwezi wa tatu, ya kushoto saizi L, nadhani sasa imechoka. Zimeingia sita za aina ile ile. Nikuwekee moja kabla hujaenda Morogoro Jumamosi?"

Hapo hamna alama ya mshangao wala "fursa ya kipekee". Kuna jambo moja linalomhusu, na swali linalojibika kwa neno moja. Akili mnemba inaweza kukuandikia meseji 30 za namna hii kwa muda ambao wewe ungeandika tatu, kila moja na habari za mwenyewe, mradi daftari liwepo.

Jinsi ya kuiagiza: usiiambie tu "niandikie tangazo la gofu". Ipe maelekezo ya kudumu ambayo utayabandika kila unapoanza. Yaseme hivi, kwa maneno yako: andika Kiswahili cha Tanzania, sentensi fupi nne au pungufu, tumia fimbo, draiva, glavu, mpira, mkoba, na usitumie klabu kwa maana ya fimbo, taja kitu kimoja tu, usitaje bei wala punguzo ambalo sijakupa. Halafu ipe meseji tatu au nne ulizowahi kuandika mwenyewe zikajibiwa vizuri, iige sauti yako. Mifano hiyo inasaidia kuliko maelekezo marefu.

Mambo mawili yasimamie mwenyewe. La kwanza ni salamu. Programu haijui nani wa kupewa shikamoo, nani ni Mheshimiwa, na nani ni kijana mwenzako wa kumwandikia "mambo vipi kaka". Liwe safu kwenye daftari. La pili ni saa. Nimeona mara nyingi mno programu hizi zikiandika "tunafungua saa 8 asubuhi hadi saa 6 jioni". Duka lako linafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 12 jioni. Anayesoma saa 8 atadhani umekosea, au atakuja mchana akidhani ndio unafungua. Iandikie saa zako wazi kwenye maelekezo, na bado usome kila meseji kabla haijatoka.

Kuhusu wale 200, inawezekana wengi hawakulipata tangazo kabisa. Kama ulitumia orodha ya matangazo ya WhatsApp, orodha moja inabeba watu 256, lakini meseji inamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo mteja akilipa, kabla hajatoka mlangoni, mwombe aihifadhi, na umuulize kama ni sawa kumwandikia vitu vyake vikifika. Ipo pia huduma ya WhatsApp ya kulipia, inayounganishwa na mfumo wa kompyuta wa duka. Huko meseji za matangazo hupitishwa kwanza na WhatsApp kama kiolezo, yaani nakala ya mfano, unazilipia, na mteja akikuandikia unapata saa 24 za kumjibu kwa maneno yako. Kwa wateja 200 sioni sababu ya kuingia gharama hiyo sasa. Programu ya kawaida ya WhatsApp Business ina lebo, katalogi na majibu ya haraka. Vinakutosha.

Je, ijibu yenyewe usiku? Kwa sehemu, ndiyo. Ielewe inavyofanya kazi: inatabiri maneno yanayofuatana vizuri, na stoo yako haiioni. Mteja akiuliza saa 4 usiku "viatu namba 43 vipo, na ni bei gani?", ikiwa haina jedwali la kusoma inaweza kumpa bei nzuri tu iliyobuniwa, na asubuhi atakuja na picha ya hayo mazungumzo mkononi. Iruhusu ijibu yale yasiyobadilika: mahali duka lilipo, saa za kazi, lipa namba yako, kama unatuma kwa bodaboda. Bei na idadi izisome kwenye jedwali ulilolisahihisha jioni hiyo. Kama halipo, iseme "muhusika atakujibu asubuhi saa 2". Malalamiko, kurudisha mali, kuomba kupunguziwa, na ushauri wa fimbo ipi inamfaa mtu, hayo yakusubiri wewe. Na ijitambulishe mwanzoni kwamba ni msaidizi wa kompyuta wa duka. Watu wanasamehe mashine ikikwama, lakini hawasamehi kudanganywa kwamba walikuwa wakiongea na wewe.

Kuna suala la sheria, na wateja wako ni watu wanaoijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inaweka pia masharti ya kupeleka taarifa hizo nje ya nchi, na programu nyingi za akili mnemba kompyuta zake ziko nje. Kwa hiyo usibandike daftari lako zima humo. Mpe kila mteja namba, M01, M02, kisha ipe programu "M07, glavu kushoto L, Machi, Morogoro Jumamosi". Jina na simu unaviweka mwenyewe wakati wa kutuma.

Kupima kama inalipa: usimwandikie kila mtu. Gawa wateja wa glavu mafungu mawili kwa kuchomoa namba, fungu moja uliandikie, jingine uliache kwa miezi miwili, kisha hesabu glavu zilizotoka kila upande. Bila hivyo, Bunge la bajeti likianza Aprili mji ukajaa hadi Juni, utadhani meseji ndizo zilizouza.

Wale wawili waliokataa waondoe leo kwenye orodha, na usiwaandikie tena hata kuomba radhi. Siku wakiingia dukani wahudumie kama kawaida, na uwaulize glavu zao zikoje.