Mkuu, usiwashe huo moto mpaka kamera ipite kwenye dohani

Weka kiberiti chini kwanza, ndipo usome.

Umesema nyumba unayonunua ina meko ya ukutani, fundi kachungulia dohani, yaani njia ya moshi inayopanda hadi paani, kwa tochi kutokea chini, kakwambia "iko poa, masizi kidogo tu", na Jumamosi unataka kuwasha. Ukauliza pia kuhusu kilango cha moshi (kile cha kufungua na kufunga dohani) kilichoota kutu, harufu inayotoka mvua ikinyesha, na kuni za kutumia. Nitafika huko. Ila hiyo tochi ndiyo iliyonifanya nishindwe kulala.

Na mimi nilichunguliziwa kwa tochi. Inamulika kipande cha chini tu, kisha dohani inapinda na kinachobaki ni giza na matumaini. Muuzaji aliniapia kwamba imesafishwa. Nikaamini, maana nilikuwa nimeshachagua hadi kiti cha kukalia nikiota moto. Nikachoma kuni mbichi, tena nikibana hewa ili moto ufukute usiku kucha. Nilijiona mjanja wa kubana matumizi! Kumbe moto wa namna hiyo unatoa moshi mzito wenye unyevu, na ukikutana na ubaridi huko juu unaganda kwenye kuta za dohani. Ndiyo kreosoti hiyo. Mwanzoni ni vumbi jeusi linalotoka kwa brashi, baadaye magamba, mwisho lami ngumu inayong'aa ambayo brashi inaiteleza tu. Na inawaka, mkuu.

Ilipowaka hata sikujua. Nilisikia mngurumo ukutani, kama kuna mtu kaegesha lori nyuma ya nyumba na hajalizima. Nikasema upepo. Kutoka nje, naona cheche zinaruka juu ya paa. Kabla sijaamua la kufanya, mngurumo ukakata wenyewe. Zimamoto sikuwaita, niliona aibu. Nicheke tu, nimeshazoea.

Kesho yake nikampigia fundi wangu wa tochi. Akanijibu kwa furaha kabisa: "Hongera, dohani imejisafisha yenyewe." Imejisafisha! Kama paka! Moto wa ndani ya dohani unaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na vile vigae vya udongo vilivyopangwa humo ndani vikipata joto la ghafla hivyo vinapasuka. Yule bwana alilijua hilo au hakulijua, na sijui lipi ni baya zaidi.

Sasa kosa lenyewe ni hili, yote ya juu ni utangulizi: niliendelea kuwasha kwa wiki 3. Mke wangu akawa anaumwa kichwa kila jioni, akitoka nje anapona. Nikamwambia ni miwani. Chumbani juu, rangi ya ukuta ikageuka kahawia, ukiweka kiganja unasikia joto. Nikasema safi, tutaanikia soksi hapa. Mungu shahidi, nilisema hivyo.

Kilichotuokoa ni kile king'ora kidogo cha kaboni monoksidi. Kililia saa 8 usiku. Gesi yenyewe ni sumu, haina rangi wala harufu, tungesubiri pua ituambie tungezikwa.

Fundi wa pili akaja na kamera kwenye waya mrefu. Nikakaa naye kwenye kioo chake. Kigae cha kwanza kizima, cha pili kina ufa wa wima mwembamba kama unywele, cha tatu udongo wa maungio umedondoka. Usawa wa chumba chetu cha kulala, kigae hakipo kabisa. Tukavunja ukuta. Boriti iliyokuwa imeegemea matofali ya dohani ilikuwa nyeusi tii, nikaigusa ikabonyea, dole likatoka na mkaa. Na mbao iliyopikwa polepole hivyo huja kushika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Gharama ya ukuta, boriti na bomba jipya la chuma cha pua toka chini hadi juu, naomba usiniulize. Kamera ingekuwa chenji ya hiyo hela.

Kwa hiyo: kamera kwanza, moto baadaye. Hata kanuni ya Wamarekani, NFPA 211, inataka dohani ikaguliwe kila mwaka, na nyumba ikiuzwa au moto ukitokea ndani ya dohani, ukaguzi upande daraja la pili, ule wa kamera. Wewe unanunua nyumba, si ndiyo? Na uombe video, usipewe maneno.

Kuni ziwe kavu, unyevu chini ya asilimia 20. Pasua gogo upime katikati, nje linadanganya. Kutu kwenye kilango ni maji, na maji yanatoka juu: ama kofia ya dohani haipo, ama saruji ya kileleni imepasuka, ama bati la maungio pale paani limeachia. Vyote hivyo vinaonekana kwa kupanda juu, kitu ambacho nina hakika mtu wako wa tochi hakufanya.

Kuna swali lingine uliuliza, limenitoka. Kabla ya Jumamosi muulize muuzaji kama dohani iliwahi kunguruma. Akikujibu kwamba ilijisafisha, vaa viatu uondoke.