Umeumizwa Kanisani? Usihamie Kwenye Simu

Bwana asifiwe, wapendwa. Juzi dada mmoja anayesoma makala zangu aliniandikia ujumbe mrefu. Kamati ya kanisani kwake ilimwondoa kwenye ualimu wa shule ya Jumapili bila hata kumwita, na tangu hapo anaabudu nyumbani kwa simu. Akaniuliza, "Mungu si yuko kila mahali? Kwani lazima niende?" Ujumbe ule nimeurudia mara nyingi, maana uchungu huo naujua.

Mimi nimeongoza kwaya kwa miaka mingi. Wengi wanaoimba pale leo nimewafundisha mwenyewe, tena wapo walioingia hawawezi kushika sauti moja hadi mwisho wa ubeti. Jumapili moja, wakati wa matangazo, mzee wa kanisa akasoma majina ya viongozi wapya. Langu halikuwemo. Sikuwa nimeambiwa kitu. Nilikuwa nimepakata daftari la nyimbo za siku ile, na aliyetajwa akaja kulichukua palepale mbele ya watu, akininong'oneza, "Samahani, hata mimi sikujua." Nikampa, nikaenda kukaa benchi la nyuma. Nikisema haliniumi tena nitakuwa nadanganya.

Simu ilikuwa tayari kunipokea. Mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya makanisa mengi duniani, ibada zilihamia mtandaoni, na tukazoea. Unachagua mhubiri umpendaye. Akikugusa penye kidonda, unamzima. Hakuna wa kukupangia zamu ya kufagia. Lakini pia hakuna wa kuuliza mbona wiki hii hukuonekana. Kwa mgonjwa, kwa aliye safarini, kwa anayeingia kazini Jumapili asubuhi, ibada ya mtandaoni ni neema, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Kwa aliyeumizwa ni maficho, na jeraha lililofichwa halipati wa kulifunga.

Kilichonishika ni Neno. Tunapenda kusema turudi kwenye kanisa la mwanzo, kana kwamba kule hakukuwa na kuumizana. Fungua Matendo sura ya 6: manung'uniko, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Sura ya 15, Paulo na Barnaba wanashindana juu ya Marko mpaka kila mmoja anashika njia yake. Korintho ndiyo usiseme: kwenye chakula cha Bwana huyu ana njaa, yule amelewa. Ni hao hao walioandikiwa ile sura ya upendo tunayoisoma harusini, 1 Wakorintho 13. Haikuandikiwa maharusi. Iliandikiwa kanisa lililogawanyika makundi. Na Marko yule yule, katika 2 Timotheo 4:11, Paulo anaagiza aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Nilipofika hapo nililia. Kama kila mmoja wao angejifungia kwake na Mungu wake, nani angemtuma nani amlete nani?

Basi nikafanya kile Mathayo 18:15 inachosema: nenda kwake, mkiwa wawili tu. Wengi wetu huanzia kwenye kundi la WhatsApp. Mimi nilikwenda nyumbani kwa yule mzee jioni, nikamweleza kilichoniuma ni nini. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kamati iliona ni zamu ya vijana. Hakuniomba radhi. Tuliomba pamoja, nikaondoka. Sikupata nilichokifuata, lakini Jumapili iliyofuata niliweza kumpa mkono bila moyo kunienda mbio, na hiyo si kazi ya simu.

Jambo la pili, chunga ulimi. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyenyongwa na Wanazi mwaka 1945, alikuwa na chuo cha kuandaa wachungaji huko Finkenwalde, hadi Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walipokifunga mwaka 1937. Aliwawekea wanafunzi wake kanuni: asisemwe mwenzenu asiyekuwepo, na ukishamsema, nenda ukamwambie. Ijaribu kwa wiki moja tu. Utaona ni maneno mangapi ya "kuombeana" yanakwisha mdomoni.

Ndugu yangu unayehama kanisa kila ukikwazwa, unafikiri huko uendako hakuna watu? Waebrania 10:25 inatukataza kuacha kukusanyika, na inasema tayari wapo waliokwisha kuizoea tabia hiyo. Acha kuhesabu walivyokukosea. Nenda! Mwili wa Kristo haukamiliki ukiwa wewe uko chumbani.

Nisieleweke vibaya lakini. Kama uliguswa kimwili, ulipigwa, au mtoto wako ameguswa, hiyo si habari ya kwenda wawili faraghani. Hiyo ni jinai. Ondoka hapo, nenda polisi, na yeyote anayekuambia unyamaze ili kulinda jina la kanisa usimsikilize.

Dada yangu uliyeniandikia, kwako ni la kamati, na kamati ina mwenyekiti. Mpigie wiki hii, omba mkutane, mwambie habari ya wale watoto uliowafundisha na jinsi ulivyoondolewa. Jumapili nenda ibadani hata kabla hajakujibu. Kama nyimbo zitakushinda, kaa tu. Wale watoto watakuona.