Uvimbe wa Kuumwa na Mdudu: Kwanza Tazama Saa

Mvua za masika zikishanyesha, barua nyingi zinazotufikia kutoka Lamu na Malindi huuliza jambo moja: mdudu kauma, pamefura, nifanye nini? Tumechagua tano. Kabla hujasoma majibu, jiulize mdudu aliuma saa ngapi na uvimbe umeanza saa ngapi. Majibu yetu mengi yanategemea hapo.

SWALI: Mwanangu wa miaka minne aliumwa na majimoto jana asubuhi chini ya mwembe. Jana palikuwa na kivimbe tu, leo kiganja chote kimefura mpaka kwenye kifundo na hakamati kijiko sawasawa. Nyanya yake alimpaka ndimu, jirani kaleta dawa ya meno, na dukani nimeuziwa antibayotiki ya maji. Nimpe? (Mama, Langoni, Lamu)

Mama, hiyo antibayotiki iweke kando. Uvimbe uliopanda siku ya pili, usio na usaha, na mtoto hana homa na anacheza, karibu kila mara si uchafu ulioingia. Ni mwili wenyewe unajibu. Majimoto hutoboa kwa meno, kisha hukunja tumbo na kupuliza tindikali pale pale alipotoboa. Mwili hutoa histamini, mishipa midogo ya damu huvuja maji, na nyama inajaa. Mgongo wa mkono na kope hufura kupita kiasi kwa sababu ngozi ya hapo ni laini na imelegea, basi usipime ukubwa wa hatari kwa ukubwa wa uvimbe.

Kwa baadhi ya watu, watoto hasa, uvimbe wa namna hii hupanda hadi saa 48, halafu huchukua siku 5 hadi 10 kuisha. Bakteria hawaendi hivyo. Wao huhitaji muda wazaane, kwa hiyo maambukizi mara nyingi hujitokeza siku ya tatu au ya nne, pale uvimbe wa kwanza ulipokuwa umeanza kushuka: panageuka pa moto, panafura upya, na panauma kuliko panavyowasha. Muwasho ukizidi maumivu, mara nyingi huo ni mzio. Maumivu yakizidi muwasho, tazama kwa makini.

Sasa ya kufanya. Osha mkono kwa sabuni ya kawaida na maji mengi, uitoe ile ndimu yote. Ndimu si dawa ya hapa. Maji yake yakibaki kwenye ngozi kisha jua likapiga, ngozi huungua, hutoa malengelenge, na huacha baka jeusi kwa miezi. Mtoto anaweza kupona majimoto akabaki na alama ya ndimu. Dawa ya meno nayo hupoza kwa dakika chache kwa sababu ya mnanaa, kisha hukauka na kuchoma palipotoboka. Ioshe.

Kama amevaa bangili, pete au uzi mkononi, vua leo hii. Kesho haitatoka. Ikiwa pete imeshakwama, paka mafuta, inua mkono juu ya kichwa kwa dakika tano, kisha izungushe taratibu ukiitoa. Kidole kikianza kuwa cha bluu au kufa ganzi, nenda pete ikakatwe.

Chukua kitambaa safi cha pamba, kikunje mara nne, kichovye kwenye maji baridi, kamua kidogo, weka juu ya uvimbe dakika 10 hadi 15. Pumzisha muda huo huo, rudia. Ukitumia barafu ile ya kuhifadhia samaki, itie kwanza kwenye mfuko wa plastiki, kisha uufunge kwa kitambaa, maana barafu tupu huunguza ngozi na ile si safi. Akilala, mkono uwe juu ya mto ili maji yarudi. Mkate kucha ziwe fupi, kwa sababu wanaougeuza uvimbe kuwa kidonda ni vidole vyake mwenyewe.

Halafu chukua kalamu ya wino uchore mstari kwenye ngozi, pale pale wekundu unapoishia, na uandike saa pembeni: "saa 4 asubuhi". Tazama tena jioni na kesho yake. Wekundu ukibaki ndani ya mstari baada ya siku mbili, endelea na maji baridi. Ukivuka mstari siku ya tatu, au ukiona mstari mwembamba mwekundu ukipanda kuelekea kwapani, mtoki, usaha au homa, mpeleke kituo cha afya, na hapo antibayotiki itakuwa na kazi, tena kwa kipimo cha uzito wake na mpaka imalizike.

Kwa muwasho, mtoto wa miaka 2 hadi 5 hupewa setirizini ya maji miligramu 2.5 asubuhi na 2.5 usiku. Chupa nyingi zina miligramu 5 katika mililita 5, kwa hiyo ni mililita 2.5, lakini soma chupa yako. Pima kwa bomba la dawa au kikombe kilichokuja nayo, usipime kwa kijiko cha chai cha jikoni. Mtu mzima, na mtoto kuanzia miaka 12, humeza miligramu 10 mara moja kwa siku. Piriton nayo inafanya kazi, ila inalaza, na asiyeweza kusinzia kazini, nahodha wa mashua au bodaboda, asiimeze mchana.

SWALI: Niliamka na mstari mwekundu shingoni kama nimechapwa kwa fimbo, sasa umetoa malengelenge na unachoma kama moto. Sikuhisi kuumwa. Watu wananiambia ni mkojo wa mjusi. (Kijana, Muyeye, Malindi)

Mjusi hana kosa. Ngozi inayoungua kwa mstari, saa 24 hadi 48 baada ya usiku wa taa na mvua, ni kazi ya yule mdudu aitwaye nzi wa Nairobi. Si nzi, ni mbawakawa mwembamba, mrefu wa karibu milimita 7 hadi 10, kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, mbawa fupi zenye mng'ao wa bluu au kijani, na ncha ya mkia nyeusi. Haumi wala hadungi. Sumu yake, pederini, imo katika damu yake, na humwagika mtu anapomponda. Ulimsugua shingoni usingizini, mstari ukafuata njia ya kiganja chako.

Kwa kuwa sumu imeshaingia, maji baridi na sabuni sasa ni ya kuondoa mabaki tu, lakini yaondoe, pamoja na kufua shuka, foronya na fulana uliyolala nayo. Ukijisugua hapo na kugusa jicho, jicho hufura likafunga. Weka kitambaa baridi kama tulivyoeleza juu. Malengelenge usiyapasue, ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora. Yakipasuka yenyewe, osha, paka mafuta ya mgando safi, funika kwa shashi. Krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 ipakwe pembeni palipo pekundu na pazima, mara mbili kwa siku, isizidi siku 7. Utepe wa krimu wenye urefu wa kipande cha mwisho cha kidole cha shahada unatosha eneo la viganja viwili.

Tafadhali usikubali kuuziwa zile tyubu zenye dawa tatu kwa pamoja, ya kuvu, ya bakteria na steroidi kali. Zinatuliza upesi, ndiyo maana zinapendwa, lakini usoni na shingoni zinakondesha ngozi, na mtu akizoea kuzitumia kwa wiki nyingi hubaki na mishipa ya damu inayoonekana. Kidonda hiki hupona chenyewe kwa wiki moja hadi mbili. Baka jeusi litakaa zaidi, lifunike jua lisilipige.

Ukimwona mdudu huyu juu yako, mpulize au mpandishe kwenye karatasi umtupe. Sehemu alipopita paoshe hapo hapo. Zima taa ya baraza mapema, na kung'uta chandarua kabla ya kuingia.

SWALI: Mume wangu ni mkwezi wa minazi. Mwezi uliopita nyuki mmoja tu alimuuma mkononi, baada ya dakika kumi akajaa mabaka mwili mzima, mdomo ukafura, akatapika. Alipona baada ya saa chache. Tuweke dawa gani nyumbani? (Dada, Siyu, Pate)

Dada yetu, swali lako limetugusa, kwa sababu hili si la kutibiwa nyumbani. Mkono kufura mpaka kiwiko ni jambo moja. Mabaka mbali na palipoumwa, midomo kufura na kutapika, tena ndani ya dakika kumi, ni mzio wa mwili mzima, na safari ijayo unaweza kufunga koo au kuangusha presha. Aende kwa daktari akiwa mzima, wiki hii, aeleze kama ulivyotueleza. Aulize kuhusu adrenalini, sindano ya dharura ya mzio, ya kukaa nayo na jinsi ya kuidunga. Mpaka hapo asipande mnazi peke yake, wala asipande wenye nyuki.

Akiumwa tena, mwiba utoke kwanza. Nyuki huacha mwiba na kifuko cha sumu kinachoendelea kusukuma kwa sekunde kadhaa. Kwangua kwa ukucha au mgongo wa kisu, au ng'oa kwa vidole. Kubishana kuhusu njia ni kupoteza muda, cha maana ni haraka. Nyigu haachi mwiba, usiutafute.

Hapo msisubiri mabaka. Kikitokea kimoja tu, sauti kukwaruza, pumzi kubana, ulimi kufura, kizunguzungu au kutapika, adunge adrenalini kama anayo, pajani upande wa nje, na safari ianze. Alale chali, miguu iinuliwe juu ya gunia au boya. Akishindwa kupumua, akae. Asitembee kwenda gatini, abebwe, kwa kuwa kusimama ghafla wakati presha imeshuka huua. Setirizini haiokoi hapa, huchukua nusu saa na zaidi kuanza kazi, na haifungui koo.

Kwenu Siyu, saa ni ya maji pia. Maji yakipwa, mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, hukosa kina cha kupita mashua, na safari ya kufika Lamu mjini hurefuka. Basi pangeni leo: nani ana boti ya mashine, petroli imo, kituo gani cha afya kilicho karibu kina adrenalini, na namba ya kupiga ili wamngoje. Na akipata nafuu njiani, msigeuze chombo. Dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye, kwa hiyo atazamwe hospitalini.

SWALI: Jioni ufuoni Shela tunaumwa na vidudu visivyoonekana, asubuhi miguu ina vipele mamia. Chandarua hakisaidii. (Mwenye nyumba ya wageni, Lamu)

Hao ni usubi, na matundu ya chandarua cha mbu ni makubwa kwao. Lakini ni dhaifu wa kuruka, feni ya kasi inayopuliza miguuni huwashinda. Funikeni miguu jua linapotua na upepo ukitulia. Kwa vipele, losheni ya kalamini itikiswe kwanza, ipakwe ikauke, mara tatu kwa siku. Bekingi soda kijiko kimoja cha chai iliyokorogwa na maji matone machache haidhuru, iwekwe dakika kumi ioshwe. Magadi si hiyo, ni makali na huchoma. Vipele vikiwa vifundoni tu, vitatu vitatu kwa safu, tazameni paka wanaolala barazani, hao ni viroboto.

SWALI: Uvimbe wa mbu umeisha, lakini siku ya tano nimepata homa na viungo vinauma. Nimeze diklofenaki? (Bwana, Mkomani, Lamu)

Hapana. Usimeze diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini mpaka upimwe. Homa inayokuja siku kadhaa baada ya kuumwa haitoki kwenye uvimbe, inatoka kwa alichokibeba mbu: malaria, dengi au chikungunya, ambayo Lamu iliijua vizuri mwaka 2004. Ikiwa ni dengi, dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Meza parasetamoli gramu moja, usirudie kabla ya saa 6, usizidishe gramu 4 kwa siku, kunywa maji, na kapimwe leo. Tumbo likiuma sana, fizi zikitoka damu au ukitapika mfululizo, usingoje hata asubuhi.

Mbu wa dengi na chikungunya huuma mchana na huzaa kwenye maji safi ya nyumbani. Birika, yaani tangi la maji la nyumba ya Kiamu, likiwa na visamaki limepona, wanakula viluwiluwi. Pipa na mtungi ndivyo vyenye shida, na kumwaga maji tu hakutoshi. Mayai hugandishwa ukutani, juu kidogo ya maji, na hukaa makavu kwa miezi. Mara moja kwa wiki mwaga, sugua kuta kwa brashi ngumu mpaka ukingoni, suuza, kisha ndipo ujaze na ufunike kwa kitambaa kilichofungwa kwa mpira.