Mandhari uliyoitafuta Delhi

Mwanangu,

Meseji yako nimeipata na nimecheka kwanza kabla ya kujibu. Umeenda jumba la sanaa la taifa huko Delhi, ukasoma kibandiko kinasema mandhari ya Varanasi, ukainua macho ukakuta kijivu na kahawia imepakwa vipande vipande kama lipu iliyoachwa njiani, hakuna mti hakuna mtu, na swali lako ni "mama, hii mandhari iko wapi, au hawa wanatuchezea?" Ningekujibu kwa voisi ila ingekuwa ndefu na wewe voisi ndefu huzisikilizi, nakujua, ndo maana nimekaa nikaandika.

Hiyo rangi na huo mji, mchoraji ni Ram Kumar. Mzaliwa wa Shimla kule milimani, mwanzoni alikuwa anachora vijana wa mjini waliokosa kazi, nyuso zimekonda, huzuni tupu. Mwaka 1960 akaenda Varanasi pamoja na mwenzake M. F. Husain. Sasa Varanasi ni watu jamani, kuanzia alfajiri wanaoga mto Ganga, maiti zinachomwa pale pale kwenye ngazi mchana na usiku, wajane na wazee wamehamia wakisubiri kufa hapo, yani mchoraji wa watu wenye huzuni angepata kazi ya maisha yake yote. Yeye akawatoa watu wote kwenye picha! Zikabaki nyumba zimebebana zikishuka kuelekea majini, miaka ilivyoenda hata nyumba zenyewe zikavunjika zikawa mabapa ya rangi tu. Rudi ukaiangalie kwa karibu, mpaka mlinzi akukoholee, utaona bapa moja limekwanguliwa kwa kisu na rangi ya chini inachungulia, kingo hazijanyooka, kila bapa linaliegemea jingine. Mimi naona alikuwa hawezi tena kuchora nyuso zile bila kuzifanya maonyesho, na huzuni yote ikahamia kwenye kuta.

Lakini swali lako lina jingine ndani yake. Wewe na mimi tumefundishwa shuleni kwamba mandhari ni mtu kasimama mahali pamoja anachora anachokiona mbele yake, mti mkubwa huku, milima kule nyuma imefifia. Nani kasema lazima iwe hivyo? India mtindo huo ulipata nguvu na Waingereza. Wachoraji Thomas Daniell na mpwa wake William walifika 1786, wakazunguka nchi na kisanduku chenye lenzi cha kusaidia kuchora, baadaye wakatoa chapa 144 kati ya 1795 na 1808, mahekalu, magofu, maporomoko, na vijitu viwili vitatu pembeni ili ujue hekalu ni kubwa kiasi gani. Nzuri sana, sikatai, ningepewa moja ningeitundika sebuleni. Ila hao vijitu ndo wenye nchi. Alafu mtindo ukaingia kwenye shule za sanaa za Calcutta, Bombay na Madras ukawa ndo kipimo cha mchoraji aliyesoma. Wakati wachoraji wa kasri la Udaipur walikuwa wanachora ziwa limeonwa toka juu, kasri limeonwa toka mbele, na mfalme yule yule yupo mara tatu kwenye karatasi moja, yuko kwenye boti, yuko anawinda, yuko amekaa, na hakuna aliyelalamika.

Kwahiyo kizazi cha wachoraji wa 1947, India ilipopata uhuru, kilikuta kinatakiwa kuchora nchi yake kwa macho ya kuazima. S. H. Raza ndo mfano ninaoupenda. Baba yake alikuwa afisa misitu, amekulia Mandla, katikati ya India, karibu na mto Narmada, msitu wenye giza la kumtisha mtoto. Mwaka 1948 yuko Kashmir anachora rangi za maji akakutana na mpiga picha Henri Cartier-Bresson, huyo mpiga picha akamwambia una kipaji ila picha zako hazina muundo, kamsome Cézanne, mchoraji wa Ufaransa. 1950 Raza akaenda Paris, akakaa huko karibu miaka sitini, huku ndugu zake wengi wameshahamia Pakistan baada ya nchi kugawanywa kuwa India na Pakistan. Akaanza na vijiji vya Ufaransa, rangi nene, nyumba zimejibana. Miaka ya sabini msitu wa Mandla ukamrudia, nyekundu na nyeusi zinawaka, huoni mti hata mmoja lakini joto unalisikia. Baadaye ndo zikaja zile duara nyeusi alizoziita bindu, yani nukta, ambazo kila mtu anazijua, na mimi hapo uniwie radhi, za mwisho mwisho zimejirudia mno. Picha yake Saurashtra ya 1983 ilipigwa mnada London 2010 zaidi ya pauni milioni 2, hiyo nakubali inastahili. Alifariki 2016 akazikwa Mandla, jirani na kaburi la baba yake.

Kama hizo zinakuchosha, mtafute Sudhir Patwardhan. Huyo alikuwa daktari wa eksirei Thane, mchana anasoma mifupa ya watu, muda mwingine anachora reli, maghorofa na wafanyakazi wa viunga vya Mumbai. Picha yake Lower Parel ya 2001 ni mtaa wa viwanda vya nguo, viwanda ambavyo havikuinuka tena vizuri baada ya mgomo wa 1982. Watu wamejaa humo, utafurahi.

Na Zarina Hashmi, tafadhali usimruke. Kazi yake Dividing Line, yani mstari unaogawa, 2001, chapa iliyochongwa kwenye mbao, nyeusi kwenye karatasi, mstari mmoja mnene unapinda pinda na vialama vya patasi vimebaki pembeni. Basi. Ni mpaka wa India na Pakistan, ule mwanasheria Mwingereza Radcliffe aliochora kwa wiki kama tano hivi 1947 na kabla ya hapo hajawahi kukanyaga India. Familia ya Zarina baadaye ilihamia Karachi. Hiyo nayo ni mandhari, labda kuliko ya Daniell.

Cha mwisho, baba yako atakipenda, kundi la wasanii CAMP la Mumbai walitoa filamu 2013, From Gulf to Gulf to Gulf, sehemu kubwa ni video ambazo mabaharia wa Kutch, pwani ya magharibi ya India, na wenzao walijirekodi kwa simu zao baharini, na nyimbo walizochagua wenyewe. Ni Kutch ile ile walikotoka Wakachi wa Mombasa na Zanzibar.

Ukirudi pale jumbani nipigie picha kibandiko, nataka kuona ni ya mwaka gani, maana Ram Kumar wa 1961 na wa 1990 ni watu wawili. Na usisahau kupiga simu kwa bibi, Ijumaa alikuwa anakuulizia.

Mama yako