Watafiti Wanatuhoji Mwaloni: Sisi Tunapata Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama muuza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mwaka jana vijana wa chuo kikuu kimoja cha umma walinikuta nikipakia magunia, wakanihoji karibu saa nzima, wakaandika, wakaondoka. Hawajarudi. Vyuo hivi vinaendeshwa kwa kodi zetu. Je, utafiti wao unamfaidia nani zaidi ya mwenye shahada?
Mama Muuza Dagaa, Mwanza

JIBU: Mama, malalamiko yako ni ya haki, na sitadai kwamba kila tasnifu inayoandikwa ina manufaa, kwani nyingine huishia kabatini. Hata hivyo, manufaa ya utafiti mara nyingi hutufikia bila kutaja chuo yalikotoka, nasi huyapokea tukidhani ni huduma ya zahanati tu.

Chukua mfano wa tohara. Mwanza ni miongoni mwa mikoa iliyochaguliwa na Serikali kutoa tohara kwa hiari ili kupunguza maambukizi ya VVU, kwa kuwa huku kwetu Usukumani wanaume wengi hawakuwa na jadi ya jando. Uamuzi huo ulitokana na tafiti tatu, moja ya Afrika Kusini na mbili za ukanda huu wetu wa ziwa: Kisumu, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na vyuo vya umma vya Illinois (Marekani) na Manitoba (Kanada), na Rakai nchini Uganda, ambako walikuwapo wataalamu wa Makerere.

Kabla ya hapo ilikwisha kuonekana kwamba wanaume waliotahiriwa huambukizwa kwa uchache, lakini wabishi walikuwa na hoja nzito: pengine tofauti hiyo inatokana na dini au mwenendo, wala si tohara yenyewe. Ndipo vijana 2,784 wa Kisumu, wenye umri wa miaka 18 hadi 24 na wasio na VVU, walipogawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakatahiriwa mara moja na nusu wakaombwa wasubiri, kisha wote wakapangiwa kufuatiliwa kwa miaka 2. Katika kundi la waliotahiriwa waliambukizwa 22. Katika kundi la waliosubiri, 47. Desemba 2006 tafiti za Kisumu na Rakai zilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuwa haki tena kuwaacha wengine wakingoja, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likapendekeza huduma hiyo. Kinga hiyo si kamili, kwa hiyo kondomu bado inahitajika.

Kweli, fedha za utafiti wa Kisumu zilitoka kwa walipa kodi wa Marekani na Kanada, si mfukoni mwako. Lakini hapo ndipo penye jibu lako: ni kampuni gani ya dawa ingegharimia jambo ambalo halina kidonge cha kuuza? Swali lisilo na faida ya kibiashara hubaki mikononi mwa taasisi za umma, nazo haziwezi kulijibu bila watu kama wewe kukubali kuhojiwa.

Kwa hiyo vijana wale wana deni kwako. Wakija tena, kabla hujajibu lolote, waombe barua ya chuo na namba ya simu ya msimamizi wao, na uwaulize matokeo yatarudishwa lini na wapi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili katika ofisi ya kikundi chenu cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi unatosha. Kushiriki ni hiari, hivyo wakikosa jibu, una haki ya kuendelea kupakia magunia yako.